Nafasi ya Mama Katika Sauti ya Pili

Makorora, Tanga
8 Julai 1956

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimepona na usiku unalala. Mimi ni mzima. Shangazi Elizabeti ni mzima, na watoto wake wazima, ila mdogo ana upele kichwani na ndiye ninayeshinda naye nyumbani.

Baba, huku sina mengi ya kusimulia. Asubuhi nateka maji, nafua, napika. Wenzangu wa darasa la nane walioitwa kusomea ualimu wameshaondoka, na waliobaki wako kwao milimani. Shangazi ni mwema, lakini anarudi amechoka, na mimi unanijua, sianzi maneno. Kuna siku naenda kulala nikakumbuka kwamba tangu mchana sijasikia sauti yangu.

Leo kanisani mchungaji ametangaza kwamba mwezi ujao kwaya za sharika zote zitakuja Tanga kuimba pamoja, za milimani, za mjini na za mashamba ya mkonge. Kila kwaya itaimba kwa sauti tupu, bila kinanda. Aliposoma jina la Maramba niliinamisha kichwa ili watu wasione uso wangu.

Nina ombi. Tangu mama afariki mmeacha nafasi yake wazi katika mstari wa sauti ya pili, kama ilivyo desturi yetu, mpaka mtu wa nyumba yake aje asimame hapo. Ndugu wa Bwana Noa alipokufa, mwana wa marehemu ndiye aliyekuja kusimama. Mama hana mtoto mwingine ila mimi. Sauti ya pili ninaijua, shuleni nilikuwa naiimba. Ninaomba kwaya ikimaliza nipande lori nirudi nanyi nyumbani. Nitakupikia, na jioni nitasimama mahali pake.

Nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Mwanao,
Lea


Kambi ya Mkonge, Maramba
29 Julai 1956

Mwanangu Lea,

Marahaba. Kifua kimetulia. Kazi ni ile ile. Mvua imekwisha na mkonge unakatwa kila siku, hata Jumamosi.

Ni kweli tunakuja. Tunafanya mazoezi nyuma ya kiwanda cha korona, mashine za kuchakata mkonge zikishazimwa. Wanaume wanafika na mikono imechubuka, wanalalamika kwamba hawawezi kushika kitabu, nami nawaambia sikuomba mikono, nimeomba sauti. Noa bado anaimba besi kama mtu anayesukuma toroli. Nimemwambia apunguze, akasema akipunguza tutajuaje kwamba amekuja.

Hayo mengine uliyoandika tutazungumza tukionana.

Msalimie dada yangu. Mtoto wa upele mpakeni mafuta ya nazi.

Baba yako,
Asheri


Makorora, Tanga
2 Septemba 1956

Baba yangu,

Shikamoo. Naiandika shikamoo hii nikijua kwamba Jumapili ile sikukupa. Natumaini mlifika salama na vumbi la njiani halikuamsha kifua. Sisi wazima, na upele umepona.

Najua ulikuwepo kanisani. Lakini hukuwepo nilipokaa mimi, kwa hiyo nakueleza.

Nilivaa gauni langu la shule. Nilibeba kikapu chenye nguo zangu zote, Biblia na kitabu cha nyimbo. Hukuwa umesema ndiyo, lakini hukuwa umesema hapana, nami nikajiambia ukiniona na kikapu utaona tabu kuniacha. Mwanaasha alinisindikiza. Huyu ni jirani yetu, mama wa Kipemba, ndiye pekee mtaani anayeongea nami bila kungoja jibu. Hakuingia. Alisimama nje kwenye dirisha lililo karibu na benchi langu, akaegemeza viwiko kama yuko kwake.

Kinanda kilikuwa kimefunikwa shuka jeupe. Mchungaji akasema leo hakuna kitakachotusaidia ila pumzi. Wakaanza watu wa milimani, polepole sana, sauti moja ikitangulia na nyingine zikiifuata. Mwanaasha akaninong'oneza, "Lea, hawana hata dufu?"

"Hawana."

"Na mbona hawapotezani? Kila mtu ashika njia yake, kisha wote wafika pahala pamoja. Nani kawafunza adabu hiyo?"

Nikamwambia ni mwalimu wa kwaya. Nilitaka kusema ni mwalimu kama baba yangu, nikaona haya.

Kwaya ya mjini ilikuwa na viatu vinavyong'aa, lakini mwalimu wao alitoa sauti ya juu mno. Wa sauti ya kwanza walipanda wakakwama, ikabidi wanyamaze na kuanza upya. Watu walicheka ndani ya vitambaa vyao. Mimi sikucheka, niliona mwalimu yule anavyojishikashika masikio kwa haya.

Kisha mkaitwa nyinyi. Nyuma yangu walikaa wasichana wawili.

"Hao wa mkonge."

"Umewajuaje?"

"Tazama mikono. Haikunjuki."

"Wewe, wamekuja kuimba, si kupunga mkono."

Nilikuona ukigonga kile chuma chako cha kutafutia sauti kwenye goti na kukiweka sikioni. Nikaona mstari wa sauti ya pili, na nafasi ya mama wazi, pana ya kutosha mtu mmoja. Nilishika kikapu. Nilikuwa tayari, baba. Ungegeuka tu ukanitazama, ningekuja mbele ya watu wote, mimi ambaye shuleni nilikuwa nashindwa kunyoosha kidole.

Uligeuka ukatazama ngazi. Kisha ukawapungia mkono wasogee. Wakasogea. Mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha kijani akasimama mahali pa mama, na mstari ukawa hauna nafasi tena.

Wimbo wa kwanza sikuusikia. Wa pili niliusikia. Mliimba vizuri kuliko wote, hata wale wasichana walinyamaza.

Mwisho mchungaji aliomba kwaya zote ziimbe pamoja, na mtu yeyote kwenye mabenchi anayejua sauti yake asimame aimbe alipo. Nilisimama. Wanawake wote wa benchi letu walikuwa sauti ya kwanza. Kwa hiyo nilisikia sauti yangu mwenyewe tu, na kwa mbali ya yule mwanamke, kwa sababu mimi na yeye tulikuwa tunapita njia moja.

Nilitoka kwa mlango wa ubavuni. Lori lilikuwa limeegeshwa ukutani na Bwana Noa alikuwa juu tayari, anagombania pa kukaa. Nilikuona umesimama unatazama huku na huku. Nilikuwa nyuma ya Mwanaasha.

"Si babaako yule?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Basi nenda kamwamkie."

"Si leo."

"Baba huamkiwa kwa siku maalumu?"

Akanitazama, akakichukua kikapu, akakiweka kichwani kwake, akatangulia njia. Nyumbani shangazi aliniona nimerudi nacho. Akaniambia ugali uko jikoni.

Baba, mtu wa nyumba ya mama ndiye anayesimama pale. Wewe mwenyewe ulitufundisha. Kama umeoa, ningependa kuambiwa na wewe, si na mstari wa kwaya.

Mwanao,
Lea


Kambi ya Mkonge, Maramba
16 Septemba 1956

Mwanangu Lea,

Marahaba, ile ya siku ile na ya leo. Mimi mzima.

Sijaoa. Hakuna neno kati yangu na mwanamke yeyote. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umetulia.

Ngazi ile ya kanisa ilikuwa nyembamba. Noa na wenzake wa besi walikuwa wamesimama ukingoni kabisa, na nilimwona ananing'inia kisigino. Nikapunga mkono wasogee asije akaanguka mbele ya kwaya za watu. Sikufikiri nafasi ya mama yako. Mimi niliyeilinda mwaka mzima niliifunga kwa mkono wangu, na sikujua mpaka niliposoma barua yako.

Mwanamke uliyemwona ni Dorkasi. Ni mjane, ametoka milimani kuja kukaa na kaka yake, anafanya kazi ya kuanika singa za mkonge. Ni mgeni wa desturi yetu. Wengine walijua, na sasa naelewa kwa nini kwenye lori akina mama walimpisha akae mbele karibu na dereva, na kwa nini Noa alikuwa ananitazama na kukohoa. Mimi nilidhani ni vumbi.

Nilikutafuta siku ile. Dereva alipiga honi mara nyingi.

Kuhusu kurudi: mimi natoka nyumbani kabla ya mapambazuko na kambi imejaa wanaume waliowaacha wake zao makwao. Nyumba isiyo na mwanamke mtu mzima si mahali pa kumwacha binti wa umri wako. Ndiyo sababu sikusema ndiyo. Hapana sikuisema kwa sababu sikupenda kuiona kwa mwandiko wangu.

Usiniwekee moyoni.

Baba yako,
Asheri


Kambi ya Mkonge, Maramba
21 Oktoba 1956

Mwanangu Lea,

Nakusalimu, na nauliza hali, kwa kuwa hujajibu. Dada yangu amenitumia salamu kwamba u mzima na unakula, nami nikashukuru.

Niliandika kwamba hakuna neno. Siku niliyoandika ilikuwa kweli.

Baada ya barua yako niliona ni haki niende nyumbani kwa kaka yake kumwomba Dorkasi radhi, maana watu wa kambi walikuwa wanamchukulia kama mtu wa nyumba yangu bila yeye kujua. Wanampisha bombani. Wanamwulizia kifua changu. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Mwalimu, nami siku zote hizi nilikuwa nadhani watu wa Maramba ni wakarimu tu."

Nilikuwa sijasikia mtu akicheka mbele yangu hivyo tangu msiba.

Nikaenda tena kumwelekeza sauti yake, na tena. Sasa neno lipo. Nimezungumza na kaka yake. Mchungaji yuko tayari kututangaza kanisani, lakini sijampa majina, na sitampa mpaka nipate neno lako. Ukisema hapana, sitakuuliza sababu, na Dorkasi amesema hivyo hivyo.

Jambo moja zaidi. Akiwapo yeye, nyumba itakuwa na mtu mzima, na wewe unaweza kurudi. Lori la singa huja Tanga kila wiki. Kitanda chako kiko pale pale.

Nangoja.

Baba yako,
Asheri


Makorora, Tanga
18 Novemba 1956

Baba yangu,

Shikamoo. Najua nimekuweka sana, unisamehe. Sisi wazima. Natumaini nawe mzima, na Dorkasi, na kaka yake.

Kila nilipoanza kujibu barua yako ya mwisho nilijikuta najibu ile ya kabla yake, uliyosema hujaoa. Ile niliisoma mara nyingi. Nilikuwa nafurahi nayo peke yangu jikoni, nikawa sitaki kuijibu upesi isije ikaisha.

Nimefikiri sana, baba. Wewe hukuwa umewaza jambo hili. Mimi ndiye niliyeuliza. Nisingeuliza, usingekwenda kumwomba radhi, na asingecheka. Kuna siku naona mimi ndiye mshenga wenu, nami sikutumwa na mtu. Nilimweleza Mwanaasha nikidhani atanionea huruma. Akasema, "Mshenga hulipwa. Wewe wataka ulipwe nini?" Nilichokuwa nakitaka ni kurudi nyumbani, na umeshanipa.

Lakini nyumba niliyotaka kurudi ni ile iliyokuwa inaningoja. Hii ya sasa haimngoji mtu, imetosha. Si kwa ubaya nasema. Nikija nitakaa vizuri, Dorkasi atanipikia, jioni nitawafuata mazoezini, na kila mtu kambini atakuwa anatazama nasimama wapi. Sitaweza.

Peleka majina kwa mchungaji. Hilo ndilo neno langu, na nimeliandika bila kulazimishwa na mtu. Siku ya ndoa nitakuja na shangazi na tutarudi pamoja.

Jumapili iliyopita nilibaki kanisani baada ya ibada. Mwalimu wa kwaya ya mjini, yule wa masikio, aliniuliza nina shida gani. Nikamwambia naomba kuimba. Akauliza sauti ipi, nikasema ya pili. Akanionyesha mwisho wa mstari, karibu na dirisha. Hakuna aliyeuliza mimi ni wa nani. Waliniuliza jina tu, na walipokwisha kuniuliza walisahau.

Mwambie Dorkasi jambo moja. Katika ule wimbo wa pamoja, ubeti wa mwisho, sauti ya pili inabaki palepale wengine wote wakishuka. Yeye alishuka nao. Nilimsikia kwa sababu kule nyuma nilibaki peke yangu. Mama naye alikuwa akishuka hapo, ukamwambia apumue kabla ya neno, si baada yake, na tangu siku hiyo hakushuka tena.

Mwambie apumue kabla.

Mwanao,
Lea