Tofaa la mama nimemnyima Njoroge

Jumapili, Bukoto

Nimemnyima, na sijuti. Kaka yangu Njoroge aliukata mtofaa wa mama kule Limuru ili ajenge vyumba vya kupangisha, mama akiwa bado hai, kitandani, anamsihi asiuguse. Njoroge hakujua kwamba nilishachukua vijiti vya mti huo nikavipandikiza kwa rafiki yangu anayeishi Kabale.

Leo amekuja kunitembelea. Nikamkatia tofaa moja dogo lililotoka Kabale, la kijani, lenye makovu. Ule uchachu kwanza, kisha utamu unaochelewa. Akaacha kutafuna. Macho yakamjaa machozi.

"Wanjiru, hili ni la mama! Nipe kijiti nikapande."

"Utapanda wapi? Juu ya mabati?"

Lililobaki nikalila mbele yake, polepole. Najua mama angempa. Mimi hapana.