Kwa Baba Honi, Aliyefungiwa Lango la Uwanja

Mwaka umezunguka, Baba Honi, tangu asubuhi ile tulipokuita kwa chai ukakaa kimya, nasi tukadhani umenuna. Ulikuwa na haki ya kununa. Tulipokugusa bega ndipo tulipojua kwamba safari hii si kununa.

Ninayeandika tangazo hili la kumbukumbu ni mimi mkeo, kwa niaba ya nyumba nzima. Watoto walitaka tuweke maneno matamu tu, yasiyomkwaza msomaji. Nikawaambia baba yenu hakuwa mtu wa kuzungukazunguka, na mimi uzeeni sitaanza.

Ulikuwa dereva wa lori la tela. Ukirudi safari ulipiga honi kwenye kona ya duka la dawa, moja tu, ndefu, ili nijue niinjike maji ya kuoga. Mtaa ukakuita Honi, na mimi nikawa Mama Honi bila kuulizwa. Ukali ulikuwa nao, hatukatai. Lakini utingo wako hakulala na njaa hata siku moja, na jirani mwenye mgonjwa hakukugongea mlango akakosa gari.

Kisha kiharusi kikakushusha kwenye usukani. Upande wa kulia ukalala, maneno yakakukauka mdomoni. Ulibaki na mawili, "hapana" na "toka", na yote mawili uliyatumia ipasavyo. Tulikuwekea kiti dirishani, ukawa unatazama wenzako wakipita na malori yao. Nilikulisha, nikakuogesha, nikakuvisha. Ile aibu iliyokuwa machoni mwako sikuwa na dawa yake.

Dada wa mazoezi ya viungo, yule wa hospitalini, ndiye aliyetuletea habari ya baiskeli. Alisema kila Jumamosi pale uwanja wa michezo watu wa kila namna wanaendesha: wasioona, waliopooza, waliokatwa miguu, wazee, na wazima wasioumwa hata ukucha. Zipo baiskeli za magurudumu matatu, zipo za kuzungushwa kwa mikono, zipo za viti viwili, ubavu kwa ubavu. Ukamtazama, ukasema, "Toka."

Binti yetu kitindamimba akakujibu, "Hata yeye akitoka, Baba, mimi nitakupeleka." Akakupeleka kweli.

Tulipofika ulikataa kushuka kwenye gari. Uliziona zile baiskeli ukageuza uso. Tulikuelewa bila maneno: mtu aliyezoea tela anapandishwaje kitu kama cha mtoto? Ndipo akaja Mwalimu, akipapasa njia kwa fimbo yake, mwanamke asiyeona tangu ujana, mwenye sauti ya kunyamazisha darasa.

"Nani hapa ana macho mazima?" akauliza.

"Baba anayo," binti yako akasema, "ila upande wa kulia hauna nguvu."

"Miguu ninayo mimi, miwili. Tukiunganishwa tunatosha mtu mmoja na chenji inabaki. Apande."

Mkapanda ile ya viti viwili. Yeye akakanyaga kwa nguvu zote, wewe ukashika usukani kwa mkono wa kushoto. Mlipofika kwenye kona usukani ukakuzidi, na yeye, asijue kwamba kona imefika, akaendelea kukanyaga. Mlikuwa mnauendea ukuta. Hapo tukasikia sauti yako: "Breki."

Tangu uugue hukuwahi kulisema neno hilo, wala neno jingine jipya. Mwalimu akafunga breki, akavuta pumzi. "Kumbe unasema," akakuambia. "Nilidhani nimepewa bubu." Ulicheka mpaka machozi yakakutiririka, na mimi nikaenda kusimama nyuma ya gari nisionekane.

Kuanzia hapo maneno yalirudi moja moja, kama wageni wanaochungulia kwanza kabla ya kubisha hodi. Kushoto. Polepole. Jiwe. Mama anapita. Dada wa mazoezi alinieleza kwamba nyumbani hakuna aliyeyahitaji maneno yako, maana sisi tulikusemea kila kitu kwa mapenzi yetu; uwanjani kulikuwa na mtu ambaye angeumia ukinyamaza. Mguu nao ukaanza kukanyaga, kwanza kwa kusukumwa, baadaye wenyewe. Presha ikashuka. Ukaanza kulalamika kwamba mchuzi hauna chumvi, nami nikajua mume wangu amerudi.

Na hukuwa peke yako uliyefaidika. Alikuwapo yule msusi asiye na miguu, aliyezungusha kwa mikono akawapita nyote na kuwatania kwamba mnasukuma mkokoteni. Alikuwapo mstaafu wa posta, mzee mwenye afya kukushinda hata ulipokuwa mzima, ambaye ugonjwa wake ulikuwa upweke tu. Nyumbani kwake hapakuwa na wa kumwamkia. Mitaani watu walizoea kuwauliza, "Wewe una nini?" Pale mliulizana, "Leo unaendesha ipi?"

Kisha uwanja ukapata mwenyekiti mpya. Alitaka uwanja wa kisasa, wa wanamichezo. Wakachimbia nguzo za chuma langoni, eti kuzuia pikipiki. Pikipiki ziliinamishwa kidogo zikapita, mpaka leo zinapita. Baiskeli zenu za magurudumu matatu hazikupita.

Tulikwenda ofisini kwake, mimi na wewe. Asubuhi yake ulikuwa umekaa mezani ukiifanyia mazoezi sentensi moja, na ulipofika ukaisema yote, bila kukwama: "Tunaomba nguzo moja tu itolewe."

Akanigeukia mimi. "Mzee anasemaje?"

Ulikuwa umesema wazi. Ukarudia, polepole zaidi, jasho likikutoka. Akaniangalia tena mimi, si wewe. "Mama, tunawaonea huruma sana, lakini hapa si hospitali."

Ukainuka, ukatoka. Katika gari nilikuuliza kama tujaribu kwingine. Hukunijibu, na safari hii haikuwa kwa kukosa maneno.

Mlijaribu barabarani. Wiki chache hazikuisha, lori likamchubua msusi mkono mzima na dereva hata hakusimama. Hilo lilikuuma kuliko nguzo, maana aliyefanya hivyo alikuwa mtu wa kazi yako. Baiskeli zikarudishwa stoo ya hospitali, zikaanza kushika kutu kwenye minyororo. Wewe ukarudi dirishani.

Maneno yakaanza kuondoka tena. Mwalimu alikuja kukutembelea akishikwa mkono na jirani yake, akakaa mbele yako akikuchokoza useme. "Niambie kuna nini nje, mimi sioni." Siku za mwanzo ulimwambia. Baadaye ulimshika tu kiganja. Binti yako alikuhangaikia, akakuzungusha uani ukiegemea mkongojo, lakini uani kwetu ukipiga hatua umefika. Daktari alisema ni kiharusi cha pili kilichokuchukua, na hatubishani na daktari. Ila tulioishi nawe tulikuona ukipungua tangu siku ile ya ofisini.

Mwenyekiti alikuja kukuzika. Suti nyeusi, kipaza sauti mkononi. Alisema ulikuwa shujaa, ulikuwa mfano kwa wenye ulemavu wote, na kwamba uwanja umepoteza mtu. Mwalimu, aliyekaa ubavuni kwangu, akaninong'oneza, "Huyu ndiye yule?" Nikamwambia ndiye. "Ana sauti nzuri," akasema. "Mungu hakumnyima kila kitu."

Mwezi huu mwenyekiti akaja nyumbani. Amebeba bamba la shaba, jina lako limechorwa vizuri, na anataka lipigiliwe langoni siku ya mashindano, sisi tuwe wageni wa heshima. Kaka yako akapendezwa. "Shemeji, jina la mdogo wangu lionekane na watu. Kuna ubaya gani?" Sikumlaumu, naye ana uchungu wake.

Binti yako ndiye aliyeuliza, akimmiminia mgeni chai. "Nguzo zimetolewa?"

"Hilo liko kwenye mipango," mwenyekiti akasema.

"Basi na bamba tuliache kwenye mipango."

Alimaliza chai yake, maana adabu anayo, akaondoka na shaba yake kwapani. Kaka yako akasogeza kikombe chake kando. Akasema kwamba pale langoni hata yeye hajui angesimama vipi kupigwa picha.

Tungependa kukuletea habari njema, mume wangu, lakini hukupenda kudanganywa. Mwalimu ameongezeka uzito na magoti yanamsumbua. Mstaafu wa posta hatumwoni tena. Jirani zake wanasema hafungui mlango. Msusi bado anakwenda ofisini kwa mwenyekiti, na kila akienda anaambiwa arudi. Dada wa mazoezi ameomba uwanja wa shule usio na nguzo, na mwalimu mkuu amesema atafikiria. Tunasubiri afikirie. Wakati mtu anafikiria, watu wanakaa kwenye viti.

Unakumbukwa na mimi mkeo. Na wanao wote, wakiongozwa na kitindamimba wako asiyenyamaza. Na kaka yako na shemeji zako. Na wajukuu, ambao mdogo wao alizaliwa baada yako na ana kidevu chako. Na utingo wako, ambaye sasa ni dereva na akipita kwetu hupunguza mwendo. Na Mwalimu, ambaye si ndugu wa damu lakini nyumba hii haimhesabu mgeni.

Wengine hufunga tangazo kama hili kwa kusema wamewasamehe wote. Sisi tutakukumbuka maisha yetu yote, Baba Honi. Kusamehe tutaanza siku nguzo zikitolewa.