Tunambonyezea Britta

Alhamisi, 9 Februari 2023

Britta amesifiwa mbele ya ofisi nzima! Mwanangu! Bosi wake, yule Dwight asiyecheka, alisimama akasema hajawahi kuona majira ya baridi ambayo watu wanaingia kwenye tovuti yao kwa wingi namna hii. Wanapangisha nyumba za mbao kando ya ziwa, kuanzia hapa Duluth mpaka karibu na Kanada, na matangazo yote ya mtandaoni ni kazi ya Britta. Sijui nani mwingine barabara hii ana mtoto wa hivyo. Wa jirani yangu Ardis anauza matairi.

Na mimi nina mkono wangu humo, ila nimenyamaza. Krismasi alisema mwenyewe, kazi yake yote ni kuwafanya watu wabonyeze. Basi! Kila asubuhi, kahawa mkononi, naandika "nyumba za ziwani", tangazo lake linatokea juu kabisa, nalibonyeza. Natazama picha, nafunga, narudia. Na Alhamisi tukikutana ukumbi wa chini wa kanisa kushona mablanketi ya misheni, nawaambia wenzangu watoe simu kabla hata ya sala. Wote wanabonyeza.

"Lorraine, huyu mtoto tutamfanya meneja," Ardis anasema.

Nikamwambia, umeneja ni mwanzo tu, shoga.

Jumapili, 26 Februari

Britta alikuja kula, hakula. Ati watu wanaingia kwenye tovuti, wanatazama kidogo, wanatoka. Habuki mtu, hakuna anayeweka nafasi! Dwight anasema basi ukurasa ndio unaowakimbiza wateja. Britta amebadilisha picha, amehamisha kitufe cha kubuku, amepunguza maswali. Wapi. Macho yamemwingia ndani.

"Labda wanajifikiria," nikamwambia. "Watarudi."

"Mama, wanarudi! Wanarudi kila siku. Ndicho kinachonitia wazimu."

Baba yake, Vern, akasema bila kuinua uso kwenye sahani kwamba labda wanapenda picha.

Huyu mtoto anahitaji kusukumwa kidogo tu. Nimempigia Ardis. Ana dada zake mji wa Fargo, na kila mmoja ana ukoo mzima wa kubonyeza.

Jumatano, 8 Machi



Britta alipita kunirudishia bakuli. Akaongea akiwa amesimama, koti mwilini. Tangazo lile linalipiwa — si kwa mwezi kama la gazeti. Kila mtu akilibonyeza, kampuni inatozwa. Abuku, asibuku! Ikifika saa sita mchana bajeti ya siku imekwisha, tangazo linazimika. Jioni familia za Minneapolis zikikaa kutafuta pa kwenda na watoto, hazilioni. Na huu ndio msimu wa kubuku.

"Kila anayebonyeza?" nikauliza.

"Kila mmoja, Mama."

Nikashika sinki. Akauliza ni presha? Nikasema ndiyo, ni presha.

Na anadhani amemjua anayefanya hivi. Mzee Rolf wa Two Harbors, mwenye nyumba zake zinazoshindana na zao. "Anakaa kule anatubonyeza makusudi, mchawi yule." Dwight anataka wakili amwandikie. Rolf! Aliyebeba jeneza la mama yangu! Rolf hajui hata kutuma picha kwa simu.

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka. Nikamwambia avae skafu.

Alhamisi, 9 Machi

Nimewaambia waache. Niliwaambia tu kwamba Britta ana matatizo kazini, tupumzike kubonyeza. Kosa! Hapa mtu akiwa na matatizo nani anapumzika? Ukivunjika nyonga, jioni hiyo friza yako haifungiki kwa vyakula vya watu.

"Masikini mtoto!" LaVonne akasema, simu ishatoka kwenye pochi. "Tumbonyezee mara mbili mbili."

"Hapana!"

Nilipiga kelele. Cherehani zote zikasimama. Ardis akanitazama juu ya miwani. "Wewe, umepatwa na nini?" Nikasema kichwa kinaniuma. Ningesema nini kingine? Ni mimi niliyewafundisha. Ni mimi niliyewachosha na sifa za Britta miaka yote hii.

Navaa koti, nawaona meza ya mwisho. Vichwa vimeinama, simu chini ya blanketi. LaVonne akanikonyeza.

Jumamosi, 11 Machi

Nimemwambia Vern. Alikuwa anasafisha samaki aliowavua ziwani, chini ya barafu. "Mwambie mtoto," akasema, basi. Rahisi kwake!

Nisiposema, Jumatatu Dwight anamweka kitako. Asipokuwa na maelezo, kazi yake anapewa mtu wa Minneapolis, na Rolf anapata barua ya wakili. Nikisema, itabidi Britta amwambie Dwight ni mama yake mzazi na kanisa lake. Dwight atasema alitutuma, ili asifiwe. Mimi mwenyewe ningesema hivyo.

Na zile sifa za Februari... zilikuwa zetu. Sijui kama kuna hata moja iliyokuwa yake. Mungu anisamehe, nimeandika nini.

Jumapili, 12 Machi

Britta alikuja saa mbili asubuhi, kabla ya ibada, ana mpango. Anataka kumwonyesha Dwight kesho jinsi mtu wa kawaida anavyoipata tovuti yao na wapi anakwama. "Nataka mtu ambaye hajawahi kuiona. Nimekufikiria wewe." Akanibusu kichwani! "Tumia kompyuta yako. Jifanye uko peke yako, mimi natazama tu." Akavuta kiti nyuma yangu. Vern akakumbuka ana kazi gereji. Mwoga.

Niliandika herufi mbili. Kompyuta ikamalizia yenyewe. Tangazo likatokea, maneno yake ya zambarau, na mengine yote chini yake ya buluu. Mimi siku zote nilidhani ni rangi ya kampuni yao!

Kiti chake kikasogea karibu.

"Mama. Hiyo rangi inatokea mtu akishabonyeza."

Nikamuuliza nimwongeze kahawa.

"Umebonyeza mara ngapi?"

"Kila siku," nikasema. "Na Ardis. Na LaVonne. Na ukumbi wa chini wote. Na Fargo."

"Fargo?"

Alicheka. Mara moja, kifupi, kama mtu aliyekanyaga msumari. Halafu akavaa koti, akatoka, kofia ameiacha.

Yuko kwenye gari mbele ya nyumba. Injini inanguruma, moshi mweupe. Haondoki. Simu iko sikioni, mdomo unatembea — Dwight? Jumapili? Sasa amegeuka huku. Ananipungia mkono niende, au nisiende, dirisha lina barafu sioni vizuri. Nimevaa slipa. Anapunga tena. Naacha kalamu, naenda na slipa hivyo hivyo.