Usingizi wa Heshima wa Baba Mkwe

Lusia, acha unachofanya. Nimetoka kwa bibi Damari hapa Uyole, sina mbavu.

Kumbe bibi alikuwa nesi wa nusukaputi, hospitali ya misheni, mwaka 1957. Siku moja analetwa mgonjwa, ngiri imembana, asipopasuliwa anakufa. Mgonjwa mwenyewe ni BABA MKWE WAKE.

Na unajua kwetu Wanyakyusa zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Sasa mwenye kumdondoshea etha, ile dawa ya usingizi, kwenye kitambaa puani ni bibi peke yake.

Ikaamuliwa mzee afumbe macho, bibi ajifunike kanga usoni, adondoshe kwa kupapasa.

Mzee kusikia mkamwana anahangaika, akataka kumwondolea aibu upesi. Akaanza kukoroma. Lusia, yuko macho kabisa, anakoroma kwa HESHIMA.

Bibi akamwambia daktari, "Tayari, amelala."

Daktari akapitisha kisu.

Mzee akaruka akakaa. Kanga ikadondoka. Wakatazamana uso kwa uso. Tumbo linavuja damu, wala hakulishika. Akavuta shuka akafunika USO.

Halafu sauti ikatoka ndani ya shuka: "Daktari, mwambie huyo mama aendelee. Safari hii nitalala kweli."