Ndimi za Mwanzi za Baba

Ardnacraig,
Jumapili, 8 Juni

Kaka yangu Lachlann,

Nakusalimu wewe, Wifi Moira na watoto, nikitumaini baridi ya huko Dunedin haijawakaba vifua. Huku hatujambo. Kondoo wamezaa salama, na Baba anakula vizuri, ila goti humsumbua mvua ikinyesha, yaani kila siku. Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo umenifura kwa hasira, na nisipokuandikia nitapasuka.

Struan MacRury ndiye kiongozi mpya wa bendi yetu ya zumari za mfuko. Struan yule yule aliyejifunzia kupuliza jikoni kwetu, huku akimaliza mkate wetu wa shayiri! Mwezi wa Aprili alisimama ukumbini akatangaza kwamba mirija ya begani, ile mitatu inayovuma, sasa itatiwa ndimi za plastiki, vile vipande vya ndani vinavyotoa sauti, na ndimi za mwanzi zitupwe. Eti mwanzi unakunywa mate, eti ukifika wimbo wa tatu kila mrija unavuma lake, eti ndiyo maana mwaka jana tulishika mkia kwenye mashindano ya Agosti. Baba alikuwepo. Miaka arobaini bendi nzima imevuma kwa ndimi alizozichonga yeye kwa kisu chake, na Struan hakumtazama hata usoni.

Nilisimama nikamwambia asante ya punda ni mateke. Bibi Dolina wa duka la posta naye akadakia, akimtaja Baba kwa jina, “We Struan, hata hayo mapafu ulipewa na Eachann!” Watu wakacheka. Struan akajibu kwamba mzee anamheshimu sana, lakini waamuzi hawagawi pointi za heshima. Ujuba gani huo? Na wewe kaka, nilipokupigia simu ukaniambia nimwache mzee apumzike. Ungekuwa karibu ningekurushia mwiko.

Basi nikawapa changamoto. Nilisema nitapiga nyuma ya pazia kwa zumari mbili, moja yenye ndimi za mwanzi za Baba na nyingine yenye za plastiki, tuone nani atajua ipi ni ipi. Wakikosea wote, hakuna sababu ya kubadilisha. Struan akakubali, ila akasema wa mwisho kutoa jibu awe Baba mwenyewe. Bendi nzima ikaafiki.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa. Nilipiga mara mbili. Baba aliinamisha kichwa, kisha akasema ya pili ndiyo mwanzi wake. Nikatoka nikasema kweli, ni ya pili. Makofi yakalipuka, maana wengine wote, Struan akiwemo, walikuwa wametaja ya kwanza. Struan alivua kofia mbele ya watu wote, akamwomba Baba radhi, na akamwagiza ndimi thelathini na sita, tatu kwa kila mpigaji, kwa ajili ya mashindano ya Agosti.

Kaka, hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito. Nyuma ya pazia, mwanzi wa Baba uligoma. Nilipoujaribu kimyakimya, ulimi mmoja ulijifunga kwa unyevu na mrija ukawa bubu. Nikang'oa unywele wangu, nikautia chini ya ulimi kuuinua, kama tulivyofundishwa. Wapi! Wa pili ulikoroma kama mzee mwenye mafua. Siku hizi mkono wa Baba unatetemeka, Lachlann. Anachonga nene upande mmoja. Nilijua tangu majira ya baridi, nikanyamaza. Sikuweza kumwacha asikie kazi yake ikifa mbele za watu. Nikaichukua zumari ya plastiki, nikaipiga mara zote mbili.

Matusi yote niliyommwagia Struan, hata humu ndani ya barua hii, ni kwa sababu alisema kweli. Ndiyo inayoniuma.

Jana nilimpelekea Baba chai mezani. Alikuwa amemaliza ndimi kumi na nane. Aliweka kisu chini akaniambia mwanzi ukipulizwa baridi huyumba kwanza mpaka upate joto, lakini siku ile mirija ilivuma bila kuyumba tangu pumzi ya kwanza, mara zote mbili. “Plastiki na plastiki, Seonag.” Nikamuuliza kwa nini basi alichagua ya pili. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo. Alisema angetaja ukweli, pazia lingefunguliwa na mwizi angekuwa binti yake. “Mwanzi wangu ukishindwa, ungeuacha ushindwe,” akaniambia. “Miaka arobaini sijasema uongo juu ya sauti. Umenifanya niseme.”

Amezifunga zile kumi na nane kwenye gazeti. Ameniamuru Alhamisi, siku ya mazoezi, niseme mbele ya wote nilichofanya, kisha nimkabidhi Struan ndimi azijaribu moja moja, na zitakazoshindwa azitupe. Nikamwomba twende pamoja. Amekataa. Amesema uongo wake ataukiri mwenyewe, siku nyingine, bila mimi.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mpigie Baba simu, lakini si kabla ya Alhamisi.

Ni mimi dada yako,
Seonag