Mpira Uko Wapi Sasa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba zile dawa mpya zimekutuliza goti. Shemeji naye hajambo? Na wapwa zangu? Mwambie yule mkubwa kwamba picha za nyumba yake mpya nimeziona, na mjomba wake anauliza kama zile ngazi zilijengwa kwa ajili ya binadamu au mbuzi. Mimi huku naendelea.

Najua unashangaa kupokea barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara nyingi majuma haya. Kila nikisikia sauti yako naanza utani, wewe unacheka, mwisho tunaagana na nilichotaka kusema kimebaki kooni. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, na mimi siwezi kukimbilia mzaha. Basi kaa, vaa miwani, unisikilize.

Nyumba ni ile ile. Tangu wifi yako atutoke natumia jikoni na chumba cha kulala tu. Sebuleni napita kama mgeni. Nikirudi kutoka kliniki nafungua redio ili awepo mtu anayeongea, na ikifika saa ya kulala nagundua sijasikia hata neno moja. Kutwa nzima wagonjwa wangu wamelala midomo wazi, hawawezi kuzungumza. Nikifika nyumbani napo hakuna wa kuzungumza naye. Udaktari wa meno ni kazi ya upweke kuliko watu wanavyodhani.

Ndiyo maana niliushikilia mchezo wa gofu. Wewe husema ni kukipiga kijipira kisichokukosea kitu kisha kukifuata juani, na sikubishii. Lakini kila Jumamosi walikuwapo wenzangu watatu walionisubiri, na nikichelewa walinipigia simu kuuliza niko wapi. Hujui thamani ya kuulizwa uko wapi mpaka uishi pasipo na wa kukuuliza.

Mwaka jana mchezo wangu ukaanza kuharibika. Siyo ile mipira ya mbali inayopigwa kwa nguvu. Hiyo hata ikipotelea msituni watu hucheka yakaisha. Ni ile ya karibu na shimo, unapousukuma mpira polepole kama unayemvutia shuka mtoto aliyelala. Mkono ulikuwa unashtuka, mpira unapita shimo na kwenda zake. Nikikosa mmoja, hasira inanifuata hadi shimo la pili, na la tatu. Dada, mimi na mvi zangu zote, siku moja niliirusha fimbo kichakani, kisha ikanibidi niingie humo humo kuitafuta, suruali imenaswa na miiba, wenzangu wakitazama kando kwa adabu. Hawakunifukuza. Walianza tu kucheza bila mimi: mara saa zimebadilika, mara walidhani nimesafiri. Sikuwalaumu. Nani anataka kuimaliza Jumamosi yake na mtu aliyenuna? Nikawa nacheza peke yangu, nikijigombeza kwa sauti.

Mwalimu wa gofu pale uwanjani ni mama mmoja mwenye mwili mkubwa na sauti nzito, tunamwita Kocha. Alinisikia nikijigombeza, akanifuata. Aliniambia kwamba sina ugonjwa wa mkono, nina ugonjwa wa kichwa. Kila mpira ninaoukosa naubeba mgongoni hadi mwisho wa mchezo. Ukipiga vibaya, alisema, unaruhusiwa kukasirika, lakini mpaka unapoirudisha fimbo kwenye mfuko wake tu. Fimbo ikishaingia, yamekwisha. Ukitembea, macho yawe kwenye vilele vya miti, kwa sababu anayetazama viatu vyake huwa anarudia kosa lake kichwani. Na ukiufikia mpira, vuta pumzi ujiulize jambo moja: mpira uko wapi sasa? Usiulize ulipaswa kuwa wapi, wala wenzako wamesema nini. Uko wapi sasa.

Nililipokea somo hilo kama mtoto wa darasa la kwanza. Hata nyumbani nililitumia. Maziwa yakifurika najiuliza, maziwa yako wapi sasa? Yako sakafuni. Basi nachukua tambara, natulia. Na zile Jumapili mchana nilizokuwa nikikaa ukingoni mwa kitanda nikiwaza yote niliyopaswa kumwambia wifi yako alipokuwa hai, nilianza kuinua macho nitazame nje dirishani, hata kama nje hakuna kitu. Ilinisaidia. Sitamsema vibaya Kocha hata siku moja.

Yakaja mashindano ya klabu, ya wawili wawili. Nilipangwa na mzee mmoja aliyestaafu kampuni ya bima. Kila mtu humwita Bima, naye huitika. Nilijua wale wenzangu watatu watakuwepo wakitazama. Nitakwambia ukweli, sikutaka kombe. Nilitaka nitulie siku nzima, wanione, na Jumamosi inayofuata simu yangu ilie.

Na nilitulia, Dada. Mapema tu mpira wangu uliingia kwenye miti. Nikakasirika, fimbo ikaingia mfukoni, nikainua macho. Nikaukuta mpira nyuma ya mzizi, nikautoa kwa utaratibu. Baadaye ukazama kwenye mchanga, nikautoa na hapo pia, na Bima akanigonga bega akisema leo nimekuja na kichwa kipya. Tuliongea njia nzima. Aliniuliza habari za wifi yako, nikamweleza alivyokuwa akiimba kwa kukosea maneno kwa makusudi, na kwa mara ya kwanza niliweza kumtaja nikicheka.

Shimo la mwisho tulikuwa mbele kwa pigo moja. Mpira wangu ulikuwa karibu na shimo kiasi kwamba ungeweza kuufunika kwa kiatu kimoja ukaligusa shimo kwa ncha. Wale watatu walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha jengo. Naomba unielewe hapa, maana ndipo penye jambo lenyewe: sikuwa na hofu. Moyo ulikuwa umetulia, kichwa cheupe, nilisikia hata ndege. Nikashusha fimbo, na mkono wangu wa kulia ukaruka wenyewe, kama wa mtu mwingine aliyejificha ndani ya shati langu. Mpira ukapita pembeni. Nikausukuma tena, ukapita tena.

Hapo sikukasirika. Nilisimama nikiutazama mkono. Kama tatizo lilikuwa kichwa, basi kichwa kilikuwa salama kabisa. Na bado mkono haukunisikiliza.

Bima aliwapongeza walioshinda, akanishika kiwiko akanipeleka kwenye benchi nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo.

"Daktari, usinichukie. Mkono wako unatetemeka hata ukiwa umeuweka pajani. Nimeuona tangu asubuhi. Nenda kamwone mwenzako wa hospitali."

Nilimjibu kwamba ni uchovu. Akasema sawa, uchovu nao una daktari wake.

Jumatatu kliniki nilimwambia muuguzi wangu anipe kile kioo kidogo cha kutazamia meno. Nilikiweka mdomoni mwangu mwenyewe, sikutaka kumjaribia mgonjwa. Kikanigonga jino, tik, tik, tik, kama mtu anayebisha hodi. Muuguzi aligeuka upande akajifanya anapanga pamba. Nilimuuliza ameanza kuona lini. Akasema amekuwa akiniwekea watoto mwisho wa siku ili wakija niwe nimechoka, niwaahirishe. Sikujua nicheke au nilie. Siku hiyo hiyo nilimwomba binti mmoja niliyemfundisha kazi, ambaye sasa ni daktari kamili, awachukue wagonjwa wangu wote. Kwa watu nimesema niko likizo.

Daktari wa mishipa ya fahamu alinitembeza kwenye varanda, akanigongesha vidole, akaniuliza kama bado nasikia harufu ya kahawa, akaniandikisha sentensi ile ile mara kadhaa. Utakuwa umeona jinsi herufi zangu zinavyozidi kuwa ndogo kadiri barua inavyoshuka. Usidhani nabana karatasi. Kisha akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna mtu aliyewahi kuugua hivi.

Nilimjibu kwamba yupo.

Dada, ni ule ugonjwa wa Baba.

Nimeandika, na sasa sina la kuficha. Dawa nimepewa, na daktari anasema za siku hizi ni bora kuliko alizopata Baba, na kwamba kwa watu wengi ugonjwa huu huenda polepole. Huenda nikacheza gofu miaka mingi bado, vibaya. Lakini meno ya watu sitayagusa tena. Bima ananipigia kila Jumamosi, nami namwambia nina mafua. Anajua si mafua, anasema basi tutaongea Jumamosi ijayo. Hajui zaidi ya hapo. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na ndiye niliyemwogopa kuliko wote, kwa sababu wewe ndiye uliyemlisha Baba kwa kijiko na kumfunga vifungo miaka yote ile, ukaiacha kazi, ukachelewa kuolewa. Nilijiapiza kwamba hutasikia habari hii tena kutoka kwa mtu wa damu yako.

Lakini kuna kitu ambacho hakuna mwingine wa kumuuliza. Mimi nilikuwa shule, nikija likizo nilikuta mzee ameshavalishwa, ameketi dirishani, nikamwamkia na kwenda kucheza. Wewe ulikuwa naye chumbani. Alipoanza kushindwa kushika kikombe, alisema nini? Alikuwa akiogopa? Ukiwa umekaa karibu naye, ile hali ya kuwa peke yake ndani ya mwili usiomsikiliza ilipungua, au ilibaki vile vile na yeye akakuficha? Niambie ukweli hata kama ni mchungu. Usinipambie.

Hapa nilikuwa nimeandika kwamba usihangaike kuja, safari ni ndefu na mimi nitajimudu. Nimeifuta sentensi hiyo. Ukiinua karatasi kwenye mwanga utaisoma chini ya wino. Njoo, Dada. Hata kwa siku chache. Nimeshafungua madirisha ya sebuleni.

Msalimie Shemeji, umwombe radhi kwa niaba yangu kwamba nakuazima. Wape wapwa zangu salamu za mjomba wao, lakini haya mengine subiri tuwaambie pamoja.

Ni mimi mdogo wako, kitindamimba wa Mama