Vijiwe vya Bibi Hana

Jumapili, Januari. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya kuingia mifupani.

Leo nimefanya jambo la aibu, na hapa nyumbani Small Heath, huku ughaibuni, sina wa kumwambia. Binti yangu anakaa Selly Oak na wanafunzi wenzake. Nikimwandikia Kiswahili, hunijibu Kiingereza, maneno mawili. Basi naandika hapa.

Kesho nafundisha darasa la tisa kuhusu mauaji ya kimbari ya Wayahudi. Miaka saba mfululizo somo hilo lilikuwa la Bibi Hana, Myahudi aliyenusurika, si langu. Alikuja na mkongojo wake, akakaa mbele, akawaeleza alivyofichwa darini akiwa na miaka sita, huku wazazi na kaka yake wakipelekwa kambini kuuawa. Wanafunzi wangu hawanyamazi hata uwabembeleze vipi, lakini kwake walinyamaza. Kisha tulikuja kwangu. Sambusa zangu za nyama hakuzigusa, dini yake haikumruhusu, ila chai ya rangi alikunywa glasi tatu, akinitania kwamba natia sukari ya harusi.

Alifariki mwaka jana.

Ijumaa Zahra, mwanafunzi wangu, aliniuliza kama yule bibi aliyemliza dada yake darasani miaka ya nyuma atakuja. Nikasema tutaona. Mtu mzima mimi, nikamdanganya mtoto kwa sababu naogopa. Mimi ni Msomali wa Garissa, sikuwa darini. Wataniamini vipi, na simu zao zimejaa watu wanaodai mauaji hayo hayakutokea?

Basi leo nikaenda kaburini kwake kutafuta nguvu. Nikakuta vijiwe na majani makavu juu ya kaburi. Ala, wamemtelekeza! Kwetu ukizuru kaburi, unalisafisha. Nikapangusa kwa kitambaa, nikavitupa vyote kwenye kokoto za njiani, nikaweka maua, nikajiona nimetenda wema.

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye kaburi la jirani akaniambia taratibu, "Dada, vile vijiwe si uchafu. Kila anayekuja kumkumbuka huacha kimoja."

Nilitamani ardhi inimeze.

Nikapiga magoti kwenye tope kuvitafuta. Mzee naye akainama, akauliza vilikuwa vingapi. Sikujua. Sikuvihesabu, na kokoto zote zinafanana. Nikalia, wallahi, kama mtoto. Watu walikuja wakaacha alama kwamba wanamkumbuka, nami nikawafuta kwa kitambaa, tena kwa nia njema kabisa.

Tulirudisha tulivyodhani ndivyo. Mwisho nikaweka changu.

Sasa nimekaa jikoni na chai, glasi moja tu. Uoga haujaniisha, ila najua nitakapoanzia: nitawaambia nilichofanya leo, waone kumbukumbu ya mtu inavyofutika kirahisi. Na Zahra akiniuliza tena kama bibi anakuja, nitamwambia ukweli. Hapana, mwanangu, hatakuja tena. Nimekuja mimi.